Mjusi Aliyesema Hajaumia

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Wadogo mbele, wakubwa nyuma. Na wewe uliyesema umekuja kumchukua mtoto tu, kaa nawe, mkeka unatosha.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na vyungu kama sisi, alikuwako Nungunungu mmoja, mwanamke wa makamo. Majirani walimwita Bi Nungunungu. Nyumba yake ilikuwa shimo chini ya kichuguu, shimo safi, limefagiwa. Ndani mna jiko la mafiga matatu. Juu ya jiko pana uchaga, lile jukwaa la miti la kuwekea chakula. Pale aliweka maboga yake na mihogo yake.

Bi Nungunungu alikuwa mwema. Akipika, jirani anapelekewa. Jirani akiugua, anachotewa maji. Lakini kukaa karibu naye, hakuna aliyekaa. Mnajua kwa nini. Miiba. Kwenye ngoma walimwachia nafasi ya watu watatu. Kwenye msiba walimpa pole kwa mbali, wakimnyooshea ncha za vidole. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kuchomwa. Naye alikuwa amezoea, au alisema amezoea.

Aliyemkaribia alikuwa mmoja tu. Mjusi.

Mjusi huyo aliingia nyumbani ndani ya mzigo wa kuni. Mdogo, mwembamba, rangi ya kahawia. Bi Nungunungu akadhani ni kijiti. Akamshika amtie motoni. Kile kijiti kikapepesa jicho. Kikasema, "Mama, mimi si kuni."

Bi Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana, che-che-che. Akamwita Kijiti. Akamfuga. Akamwekea maji kwenye kifuu. Akamtafutia mchwa wanono. Na Kijiti akipata baridi alikuja kulala chini ya kidevu chake, pale shingoni penye manyoya laini, pasipo na mwiba hata mmoja.

Kila siku Bi Nungunungu alimwuliza, "Sijakuchoma?"

Kila siku Kijiti alijibu, "Hujanichoma, mama."

Basi Bi Nungunungu anafumba macho, anatabasamu, analala.

Ukaja msimu wa mavuno. Mwaka ule maboga yalizaa. Uchaga ukajaa. Siku moja, mchana, Bi Nungunungu akaja na boga lake la mwisho, kubwa kama kichwa cha nyati. Akaliinua. Uchaga ukalia, kwiii. Aliusikia. Akajisemea, ni hili moja tu. Akaliweka.

Kwiii. Kacha.

Gubu, gubu, gubu. Maboga yakaporomoka. Mihogo ikaporomoka. Miti ikaporomoka. Vumbi likatanda. Bi Nungunungu akashtuka, na nungunungu akishtuka miiba husimama yenyewe, haikuulizi. Shaaa, ikasimama yote. Akaruka kinyumenyume, pu, mgongo ukagonga ukuta.

Kimya.

"Kijiti," akaita.

Kimya.

Vumbi likatua kidogo kidogo. Na katikati ya sakafu Bi Nungunungu akaona kitu kinacheza. Piti, piti, piti. Ulikuwa mkia. Mkia peke yake, hauna mwenyewe, unajirusha huku na huku kama samaki aliyetolewa majini.

Bi Nungunungu akapiga magoti. Akaanza kuondoa maboga. Hakuyaburuta. Aliyainua moja moja, akichungulia chini ya kila moja, na kwa kila boga akaogopa litakalofuata.

"Nipo huku, mama."

Sauti ilitoka nyuma, kwenye pembe ya ukuta. Kijiti akajitokeza polepole, mavumbi matupu, nyuma hana kitu.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Ni mkia tu. Mkia utaota."

Kabla hajamaliza akaingia jirani, Bi Panya Buku, mikono kichwani. Alikuwa amesikia kishindo. Akauona ule mkia unavyocheza, akakaa chini, akalia kilio cha matanga. "Mkia wa watu, jamani. Mkia mzuri vile. Atajifunga na nini siku ya sikukuu?"

"Mjusi hajifungi mkia," akasema Kijiti.

Bi Panya Buku hakusikia. Aliuchukua mkia, akaufuta vumbi, akaufunika kwa jani. Akataka uzi aushone mahali pake. Alipokatazwa, akaomba basi angalau akifunge kile kishina kilichobaki. Akakifunga kwa gamba la mgomba, fundo juu ya fundo. Alipomaliza fundo la tano akajifuta jasho, akasema, "Amepona huyu." Akaenda zake.

Bi Nungunungu akamwuliza tena, "Kweli hujaumia?"

"Sijaumia, mama."

Moyo ukamtua. Akarudi kuokota mihogo. Huku anaokota, anamtupia jicho. Kijiti amejilaza karibu na jiko, katulia tuli. Mchwa mmoja akatokea kwenye ufa, mnono. Akapita mbele ya Kijiti. Akasimama. Akapita tena, karibu na mdomo kabisa.

Kijiti hakufumbua kinywa.

Bi Nungunungu akaweka mhogo chini. Kijiti huyu, mchwa akiwa mlangoni, yeye husikia nyayo zake. Sasa anapitwa hivi? Akatoka nje, akakimbia.

Ng'ambo ya korongo, juu ya mpera, alikaa Bwana Kinyonga. Bwana Kinyonga hakuwa mganga. Lakini alikuwa mtu wa magamba, ndugu wa mijusi kwa mbali, na aliijua miili yao.

"Shikamoo, Bwana Kinyonga."

Kinyonga akazungusha jicho moja. Halafu la pili. Kisha akasema, "Marahaba."

Bi Nungunungu akamweleza yote, uchaga, maboga, mkia, mchwa.

"Umemtazama?" akauliza Kinyonga.

"Nimemwuliza. Mara mbili. Amesema hajaumia."

"Sikukuuliza kama umemwuliza."

Bi Nungunungu akageuka kutazama upande wa nyumbani.

"Sisi watu wa magamba tukiumia hatulii," akasema Kinyonga. "Porini anayelia anasikiwa na mwewe. Haya, twende." Akanyanyua mguu mmoja. Akaupeleka mbele. Akaurudisha. Akaupeleka tena.

Bi Nungunungu alimvumilia hatua mbili. Ya tatu ikamshinda. "Bwana Kinyonga, niwie radhi. Panda kichwani kwangu, hapa mbele puani, hapana miiba." Kinyonga akapanda, akashika nyusi za watu kwa mikono miwili, na Bi Nungunungu akatimua mbio. Walipofika, mgeni alikuwa amegeuka rangi tatu.

Kijiti alikuwa palepale.

"Tandika jani la mgomba," akasema Kinyonga. "Karibu na jiko, lakini asiungue. Mlaze. Sasa mpapase."

"Mimi?" Bi Nungunungu akarudi nyuma. "Mimi nimpapase? Si unaniona nilivyo?"

"Mikono yangu ni koleo. Inajua kubana tu. Ya kwako ina nyama."

Bi Nungunungu akaitazama mikono yake. Akaipasha moto kidogo, akalaza miiba yote chini, mmoja mmoja, akasogea.

"Anza kinywani," akasema Kinyonga. "Mwambie afumbue. Kuna damu?"

"Hakuna."

"Macho yote mawili yanafumba?"

"Yanafumba."

"Shuka na uti wa mgongo. Kidole kimoja. Taratibu. Akishtuka, simama."

Kidole kikashuka, kikashuka, kikafika kwenye mafundo ya Bi Panya Buku. Kijiti hakushtuka.

"Fungua hilo gamba la mgomba. Limembana bure. Hapo pamekauka, hapana neno. Kila mtu ametazama hapo kwa sababu mkia ulicheza. Sasa miguu. Vuta kidogo, uone kama anavuta naye."

Mguu wa nyuma wa kulia, akavuta. Wa kushoto, akavuta. Mkono wa kushoto, akavuta. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa ubavuni, umebanwa sana.

"Huo niache," akasema Kijiti. "Nimezoea tu kuubana."

"Hujazoea," akasema Bi Nungunungu. "Nakujua."

"Mama, niache. Sijaumia."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Bi Nungunungu akaweka kidole juu ya kile kiwiko, akangoja. Hakuvuta. Alingoja tu, mpaka Kijiti akachoka kubana, na mkono ukalegea wenyewe, ukafunguka.

Kwapani palikuwa na ncha. Nyeusi, ina mkanda mweupe. Imezama.

Hapakuwa na haja ya kumwuliza Kinyonga ni nini. Mwiba ule Bi Nungunungu aliujua kama wewe unavyoijua kucha yako.

"Huu ni wangu," akasema.

Akamgeukia mgonjwa.

"Kijiti, huu ni wangu."

"Uliporuka nyuma," akasema Kijiti, "nilikuwa ukutani. Boga lilikuwa limenikata mkia, nimekimbilia huko. Hukuniona."

"Mbona hukusema?"

"Kila siku unaniuliza kama umenichoma. Nikikwambia hujanichoma, unatabasamu, unalala. Nikaona nikikwambia leo kwamba umenichoma, hutanisogelea tena. Utakaa kule mbali, kama wanavyokuweka wao."

Bi Nungunungu akainama.

"Kulia baadaye," akasema Kinyonga, na safari hii alisema kwa upole. "Mwiba kwanza. Utoke kwa njia uliyoingilia. Usiupinde."

Bi Nungunungu akashika ncha kwa kucha mbili. Akavuta pumzi. Akavuta. Suu. Ukatoka. Tone la damu likafuata, dogo kama mbegu ya ufuta, kisha jingine. Kijiti akapiga ukelele mdogo, wa kwanza tangu aingie nyumba ile.

Wakapaosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kinyonga akasema pasifunikwe, na kila asubuhi patazamwe kama pamevimba, kama pana joto, kama pananuka.

Siku ya pili pakavimba. Siku ya tatu pakawa na joto, na Kijiti akakataa maji. Bi Nungunungu hakwenda shambani. Maboga yalibaki sakafuni, yanarukwa. Bi Panya Buku alileta mchuzi, akachungulia, akaona kumbe si mkia. Akatulia kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kinyonga naye hakuondoka. Alikaa kwenye kipande cha kuni, jicho moja kwa mgonjwa, jicho moja kwa mlango.

Siku ya nne asubuhi Bi Nungunungu akachota maji, akatia chumvi, akaanza kumwosha kama kawaida.

"Mama," akasema Kijiti.

"Naam."

"Maji haya ya moto mno. Unaniunguza."

Bi Nungunungu akautoa mkono upesi. Akayaweka maji pembeni yapoe. Kisha akaketi kitako pale chini, na machozi yaliyomngoja siku nne yakamtoka, na huku yanamtoka alikuwa anacheka, che-che-che, nyumba nzima.

"Niambie tena yakiwa ya moto," akasema. "Na yakiwa baridi uniambie. Na ninapokukanyaga, na ninapokuchoma, na ninapokufinya. Uniambie, nijue pa kushika."

"Nitakwambia," akasema Kijiti. "Na nina njaa."

Akala mchwa saba. Mkono ule ulipona, lakini ulibaki mgumu kidogo; ukutani hapandi tena mpaka juu kama zamani. Basi uchaga mpya ukajengwa chini, kimo cha mtoto, kwa nguzo mbichi, na haukujazwa.

Wanangu, na ninyi wakubwa, mafunzo ya ngano hii ni haya. Mwenzio akiumia, usitazame pale panaporukaruka tu, ukadhani umemaliza. Mtazame mwili mzima, taratibu, hata akikwambia ni mzima. Maana anayekupenda anaweza kukuficha jeraha ulilomtia wewe mwenyewe. Na ukiligundua, usikimbie kwa aibu. Kaa, ulitibu.

Ngano yangu imefika kikomo, nami nimefika nayo. Inukeni, mkunje mkeka.