Kitanda Kimoja Pangani

Sogeeni. Nina mzigo wa kuwatwika, na nitawatwika mzima kama nilivyotwikwa mimi. Anayetaka hadithi yenye mwisho bora akalale sasa. Watakaobaki watakuwa na kazi.

Kijijini Ilulanje, kule juu kwenye uwanda wa Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa saba watu huvaa koti kisha wakajifunika blanketi juu yake, waliishi watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza, Subilaga, mwenye nyumba ya kulala wageni, alikuwa na pua. Sisemi kwamba wengine hawakuwa nayo. Ila yeye alinusa ukungu kabla haujaonekana, akanusa maziwa yatakayoharibika kesho, na mgeni kabla hajashusha begi Subilaga alishajua kama amekula samaki njiani au kama sigara alizomwapia mkewe kuziacha bado ziko mfukoni.

Wa pili, Lwitiko, mchunga kondoo, alikuwa na miguu. Mfunge kitambaa machoni, mzungushe, mwachie popote uwandani. Atakanyaga kidogo, kisha atakwambia yuko malisho ya nani na kisima kiko upande gani. Viatu alikuwa navyo, vya kanisani, na aliviheshimu kwa kuvibeba mkononi.

Wa tatu, Nurdini, Afisa Utalii, alikuwa mtu wa Kilwa aliyepandishwa huko juu kwa barua ya uhamisho. Barua zake za kuomba kuteremka zilikuwa bado zinashughulikiwa. Kipaji chake kilikuwa utaratibu. Hakuketi kabla ya kuambiwa aketi, hakutoka kwa mlango wa kuingilia, na kuna wanaosema hata kwake mwenyewe alibisha hodi. Wanakijiji hawakukiita kipaji. Walikiita ugonjwa, na Jumapili walimwombea, ingawa hakuwa wa dini yao.

Mwaka huo wilaya iliamua wananchi wapumzike nchini mwao. Likachapwa bango: *Njoo Uione Baridi ya Nyumbani*, na chini yake uwanda mzima umejaa maua. Maua ya uwanda ule huchanua wakati wa mvua. Lakini mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na maua hayakuwa yamepewa taarifa.

Wakaja wageni wawili tu kwa wito wa bango hilo, Mzee Mwinjuma, karani mstaafu wa mahakama, na mkewe Bi Mwanamkuu, wote wa Pangani. Hawakujaliwa mtoto. Mzee hakuuliza habari za maua. Alitaka sakitu, ule umande unaoganda alfajiri majani yakawa meupe, na aliiulizia kila jioni kama mtu anayefuatilia faili lake.

Asubuhi ya tatu sakitu ikawepo. Bi Mwanamkuu akamfukizia mumewe kanzu na koti kwa udi, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aolewe, akamfunga mtandio shingoni, akarudi kwenye moto. Subilaga akamwambia mzee asivuke uzio, kwa maana ananusa ukungu. Mzee akatazama mbingu iliyokuwa safi kama sahani. Akajibu kwa heshima kwamba uzio hauna kibao chochote cha kukataza. Akavuka.

Sasa nieleze ukungu wa Ilulanje. Ule hauji. Unakuwepo. Wewe unainama kufunga kamba ya kiatu ukiwa na nyumba, mti na jirani, ukiinuka huna hata mkono. Na uwanda ule una ukingo. Majani yanakwisha, na baada ya majani hakuna kitu mpaka chini kabisa kwenye mto. Asiyefika ukingoni naye baridi inamngoja, kwa kuwa ukungu hulowesha nguo, na mzee aliyelowa kule juu hafiki adhuhuri.

Bi Mwanamkuu alitoka mlangoni, asione kitu, akaanza kuita. Subilaga akamziba mdomo kwa kiganja. Mgeni alimkodolea macho kama aliyepigwa. Ikabidi aelezwe kwamba pale watu hawaiti ndani ya ukungu. Sauti inazunguka, inatokea upande usio wake, na anayeifuata huifuata mpaka ukingoni. Wameshazika watu walioitwa na ndugu zao kwa mapenzi.

Basi majirani walikusanyika uani kimya, na kimya kile kilimtesa yule mama kuliko kilio. Kwao mtu akipotea, mtaa mzima hupiga kelele. Hapa wanaume walinong'onezana kuhusu mashamba ya pareto, upande wa juu, ambako wageni wote hupenda kwenda kupiga picha, na tayari walishaanza kushikana mikono waende huko. Nurdini alikuwa amefika na viatu vya ofisini, anatetemeka, na hatujui kama ni baridi au ni kufikiria mgeni wake wa kwanza.

Ndipo Bi Mwanamkuu akasema, kwa sauti ndogo, kwa kuwa sauti kubwa alikuwa amekatazwa:

"Nyumbani kwangu pana chumba cha uani, kimoja, na kitanda kimoja. Tulikijenga cha mtoto. Atakayenirudishia mume wangu ni chake. Kila kipupwe aje akae kwenye joto, ale tunachokula, awe wetu mpaka tufe. Naiweka nadhiri mbele ya Mungu na mbele yenu."

Watu watatu walisikia vizuri sana. Subilaga, ambaye viungo vyake vilikuwa vinakaza kila Juni kama bawaba zenye kutu, aliyekaribisha watu baridini miaka yote na yeye hajawahi kukaribishwa popote. Lwitiko, ambaye nyayo zilikuwa zimepasuka kwa sakitu, na tabibu wa zahanati alikwishamwonya kwamba akiendelea kukanyaga barafu pekupeku, miguu ile itakatwa. Na Nurdini, ambaye alikuwa anaota bahari akiwa macho, hata vikaoni.

Subilaga akaenda mpaka kwenye uzio, akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akanusa chini, ambako ukungu hulaza harufu. Akasogea kushoto, akanusa. Akasogea kulia. Waliokuwa wameshikana mikono walisimama. Bi Mwanamkuu alikuwa ameuma ncha ya kanga.

"Hakwenda kwenye pareto," Subilaga alisema. "Udi umeteremka huku, upande wa kondoo."

Upande wa kondoo ndio upande wa ukingo. Alifuata harufu mpaka penye samadi, na hapo kondoo mia walimzidi nguvu. Pua ikaishia hapo.

Lwitiko akajifunga kamba kiunoni. Nurdini akadai ncha ya pili, akasema mgeni yuko chini ya ofisi yake, hawezi kubaki. Lwitiko alimtazama vile viatu, akamwambia, "Afisa, ukianguka usinivute. Achia, nitakuja kukuokota kwa muda wangu." Wakaondoka. Lwitiko alitembea taratibu, kidole gumba kikitangulia, akisoma nyasi, changarawe, nyasi, mwamba. Mara moja alisimama, akarudi nyuma hatua moja bila kusema, na Nurdini hakuuliza mbele palikuwa na nini. Wakafika kwenye kibanda cha wachungaji.

Kibanda kile hakina mwenyewe. Kina kuni kavu, kiberiti na ngozi za kondoo, na hakina komeo. Desturi ya Ilulanje ni kwamba ukishikwa na baridi unaingia kwanza, unawasha moto, kisha ndiyo unasalimia kama yupo wa kusalimiwa. Lwitiko akapapasa ndani. Majivu ya baridi. Kuni hazijaguswa. Hakuna mtu.

Akanong'ona kwamba basi mzee hakupita hapo. Angepita angeingia, hata mwendawazimu angeingia. Kwa hiyo ameshateremka ukingoni, au pua ya Subilaga imedanganywa na kondoo. Akaanza kukunja kamba. Ilikuwa inakaribia saa ya kuacha kutafuta mtu na kuanza kutafuta maiti.

Nurdini hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama nje ya mlango, kama kawaida yake, anasubiri kuambiwa apite. Na hapo, akiwa amesimama hivyo, akaelewa.

"Amefika hapa," akasema. "Amepiga hodi mara tatu. Hakujibiwa, akaondoka."

"Aondoke aende wapi, na kifo kiko nje?"

"Akamsubiri mwenye nyumba. Hawezi kuingia kwa watu bila kukaribishwa, Lwitiko. Hata mimi nisingeingia. Na hasubiri mlangoni, ataonekana anachungulia. Amekaa pembeni, amekipa kibanda mgongo."

Lwitiko aliona ni upuuzi wa kiwango cha wilaya. Kabla hajasema hivyo, Nurdini aliingia kibandani, akavuta pumzi, akatamka kwa sauti ya mwenye nyumba aliyeshiba: "Karibu. Karibu ndani, tupo."

Kutoka upande wa chini, karibu mno na pale majani yanapokwisha, ikaja sauti iliyokauka, ya adabu kamili:

"Ahsante. Niliwasikia mmerudi. Nikasema niwape nafasi kwanza."

Kisha wakasikia changarawe zikiporomoka. Mzee alikuwa amenyanyuka ili aitikie mwaliko. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na sauti ya karibu ilimfikia kutoka upande usio wake. Alikuwa anaelekea ukingoni.

"Kaa chini," Lwitiko alisema. Hakupaza sauti, aliikata. "Babu, kaa hapohapo ulipo. Mwenye nyumba anakuja kukupokea."

Kwa neno la mwenye nyumba mzee alitii, akaketi. Lwitiko akavua kamba iliyokuwa inamvuta, akamwachia Nurdini, akateremka kwa nyayo zake zilizopasuka, na Nurdini akabaki ameshika kamba isiyo na mtu, anasikiliza. Alisikiliza muda ambao hadi leo anakataa kuuzungumzia. Kisha ikasikika harufu ya udi, dhaifu, hata kwa pua ya afisa, na Lwitiko akatokea amembeba mzee mgongoni, damu ikimtoka visiginoni. Mzee alikuwa wa buluu midomoni na anaomba radhi kwa usumbufu.

Walimwotesha moto mpaka akarudi rangi yake. Bi Mwanamkuu alimshika mkono, na kila mzee alipotaka kueleza habari ya uzio kutokuwa na kibao alimwongezea chai mdomoni.

Jioni nadhiri ikaja kudaiwa.

Subilaga alisema bila pua yake wangekuwa bado pareto, wameshikana mikono kama watoto wa chekechea, na mzee ameganda. Miguu ingekwenda wapi bila kuelekezwa? Adabu ingemkaribisha nani, panzi?

Lwitiko alisema kuelekeza si kuleta. Kunusa walinusia kwenye uzio, hatua chache kutoka motoni. Kukaribisha kulikaribia kumuua mzee. Aliyembeba kutoka kwenye mdomo wa ukingo ni yeye, na akaonyesha nyayo, watu wakaangalia pembeni.

Nurdini aliomba nafasi ya kuzungumza, akapewa. Akasema pua ilifika penye samadi, na miguu ilifika penye kibanda ikageuka kurudi. Kamba ilikuwa imeshakunjwa. Kama asingekuwa na ule ugonjwa wanaomwombea, mzee angekufa akiwasikia, hatua chache nje ya mlango ulio wazi.

Mpo mtakaosema wapokezane, mwaka huu huyu, mwaka ule yule. Bi Mwanamkuu alilikataa hilo palepale. Alisema hakuahidi zamu ya ulinzi, aliahidi nyumba. Anataka mtu mmoja atakayejua ngazi ipi imeoza na mzee anakunywa dawa gani, mtu atakayewazika. Na kuwachukua wote hawezi, maana chumba ni hichohicho. Mzee Mwinjuma, aliyekaa mahakamani ujana wake wote, aliombwa aamue. Akajitoa, kwa sababu uhai unaobishaniwa ni wake, kwa hiyo ana maslahi. Mwenyekiti wa kijiji akalipeleka shauri kwenye kata. Kata ikaona linahusu wageni, ikalipeleka wilayani kwa afisa husika. Afisa husika ni Nurdini. Akalirudisha, akaeleza kwamba hawezi kuamua shauri lake mwenyewe, na kila aliyesikia alikiri kwamba hilo nalo ni la kumhesabia.

Mwezi wa sita umeshaingia tena. Subilaga anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Lwitiko amefunga nyayo kwa vitambaa na bado anatoka na kondoo. Nurdini amepata jibu la barua yake: inashughulikiwa. Na juzi Bi Mwanamkuu amepiga simu. Mzee anakohoa tangu ule ukungu, yeye mwenyewe macho yanapungua, chumba amekipaka chokaa, na anauliza amtegemee nani, kwa sababu hana uhakika na kipupwe kingine.

Simu hiyo aliipokea mwenyekiti, akasema atampigia. Ameniambia mimi niwaulize ninyi. Pua iliyojua njia, miguu iliyombeba, au adabu iliyojua alipokaa: ungekuwa wewe umeshika simu hiyo, ungemtajia yule mama jina la nani?