Hodi ya Barabarani

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Thabiti bin Haidari, aliyetaka barabara ya watu wote iwe sebule yake. Njia ya lango lake ilitoka nyumbani ikakutana na barabara iendayo sokoni, na pale zilipokutana palikuwa na tope. Akapasakafia kwa mawe na chokaa. Hapo hana kosa, Mungu ambariki. Lakini mafundi walipofika kwenye mpaka wake aliwaambia, "Endeleeni." Wakaendelea mpaka wakagota kwenye mtaro wa upande wa pili, barabara nzima ikawa nyeupe pe.

Kisha akatoa amri. "Hii ni sakafu ya nyumba yangu. Atakayeikanyaga apige hodi, avue viatu, angoje akaribishwe."

Aliyeumia zaidi ni Bi Mize, mjane aliyeuza uji sokoni alfajiri na kulisha wajukuu wanne. Ulimi wake ulimkimbiza mume wa kwanza, ukamchekesha wa pili mpaka alipokufa.

Siku ya kwanza alipiga hodi. Bawabu akaenda kumuuliza bwana, akamkuta amelala, akaogopa kumwamsha. Hiyo "karibu" ilipokuja, jua lilikuwa limeshapanda na uji umeganda. Nani anunue uji wa baridi? Ikawa hivyo siku nne, hata nyumbani ukabaki unga wa sufuria moja tu. Bi Mize akaenda kwa Kadhi, akalia kweli, na moyo ulimuuma. Kadhi, ambaye pilau ya Bwana Thabiti ilikuwa haijamshuka vizuri tumboni, akahukumu: "Kilichosakafiwa ni nyumba. Mpigie hodi mwenyewe."

"Nimesikia, shekhe," akasema Bi Mize. Mwanamke wa namna ile akisema amesikia, jamani, mwenye akili huhama mji.

Kesho yake akapiga hodi, akangoja. "Karibu," akasema bawabu. Bi Mize akavua viatu, akatua sufuria yake tupu, akaketi katikati ya sakafu. Nyuma yake wakaja wachukuzi wa maji, wauza mkaa, mtaa mzima. Hodi, karibu, kaa. Bwana Thabiti akatoka mbio.

"Mbona mmekaa? Piteni."

"Shikamoo, bwana," akasema Bi Mize. "Tupite twende wapi? Tumepiga hodi, umetukaribisha. Mtu akikaribishwa kwa watu akapita tu kama mbuzi, si hana adabu huyo?"

"Kwani mna haja gani?"

"Tumekuja kukujulia hali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naona umeshaanza kupona."

Watu wote wanamtazama. Tajiri kuwanyima wageni kahawa, tena mlangoni pake, ni aibu isiyofichwa kwa chokaa. Ikaletwa kahawa, ikaletwa tende, adhuhuri ukaletwa wali. Wajukuu wa Bi Mize walikula mpaka wakasinzia. Siku ya pili walikuja hata wasio na safari ya sokoni. Kadhi naye, akienda zake kazini, akapiga hodi kwa kuitii hukumu yake mwenyewe, akavua makubadhi, akapewa kikombe. Alikipenda, na siku ya tatu akarudi mapema.

Siku hiyo ya tatu Bwana Thabiti alitoka anacheka, na watumishi nyuma yake wamebeba majembe. Bi Mize alikuwa ameshaketi. Sufuria yake, iliyokuwa tupu siku mbili zote, leo ilikuwa inafuka mvuke.

"Bi Mize, wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shamba langu liko nyuma ya nyumba."

"Walisema kweli, bwana."

Akapokea jembe, akajifunga kanga vizuri, akaliinua, akalishusha pale pale alipokuwa ameketi. Chokaa ikaruka mpaka kwenye joho la bwana.

"Nimekwambia shamba liko nyuma."

"Nyuma sijakaribishwa. Nimekaribishwa hapa, nitalima hapa. Mgeni mwema hapekui nyumba ya mwenyeji." Akapiga la pili, jiwe likang'oka. Wachukuzi wa maji nao wakaanza kunyoosha mikono kupokea majembe yao.

"Mwanamke, una wazimu? Nani amepata kuona mtu analima katikati ya barabara?"

Kadhi akaweka kikombe chini polepole, akauliza:

"Katikati ya nini, Bwana Thabiti?"

Bi Mize akaegemeza jembe langoni, akavaa viatu vyake juu ya sakafu ile ile, akajitwika sufuria.

"Tuwie radhi, bwana," akasema. "Siku zote hizi tulidhani tuko ndani. Sasa hebu tupishe, uji unapoa."