Fimbo ya Mikato Arobaini

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wewe unayetafuna muwa, tema makapi, nisije nikakusikia wewe badala ya hadithi. Na nyinyi watu wazima mlioegemea ukuta huko nyuma, msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Hasa wenye malori. Hadithi hii ni yenu.

Hapo zamani za kale, kabla lori la kwanza halijapita nchi hii, wanyama walishusha chumvi kwa mikokoteni. Chumvi ilichimbwa juu mlimani. Walaji walikuwa bondeni. Katikati kulikuwa na mteremko mmoja mbaya, mteremko wa kona saba.

Mwenye mikokoteni alikuwa Nyati. Na Nyati alikuwa na desturi yake. Kila dereva alikuwa na fimbo. Akishusha mzigo ukafika mzima, fimbo inakatwa mkato mmoja, kacha. Safari nyingine, kacha. Ukienda kuomba kazi kwa Nyati hakuulizi jina. Anasema, "Lete fimbo." Anahesabu. Mikato ikipungua thelathini, nenda zako.

Akaja Ngiri. Mwaka ule jua liliwaka, mizizi ikakauka ardhini, na watoto wake watano walikuwa wakilala na njaa. Mkokoteni Ngiri aliujua. Misimu miwili alibeba mihogo ya shemeji yake kwenye njia za shamba, na hakuwahi kumwaga hata kikapu.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Lete fimbo."

"Fimbo ninayo, mzee, ila haina mikato. Nilikuwa naendesha shambani kwa shemeji. Nijaribu tu. Twende wote na mkokoteni mtupu, nishuke nao uniangalie."

"Njia za shamba hazihesabiki. Nenda kapate uzoefu, halafu urudi."

"Nikaupate wapi, mzee?"

"Kwa wengine."

Ngiri akaenda kwa wengine. Akaenda kwa Kifaru. "Lete fimbo." Akaenda kwa Tembo. "Lete fimbo." Wote wanautaka mkato wa pili, hakuna anayekubali kukata wa kwanza. Sasa huo wa kwanza ukatwe na nani? Nyinyi wa huko nyuma, mbona mmenyamaza?

Ngiri akarudi nyumbani kichwa chini. Njiani akamkuta Fisi amekaa juu ya jiwe, fimbo mkononi.

"Ndugu yangu Ngiri, pole na mizunguko. Chukua hii. Ina mikato arobaini."

"Ni ya nani?"

"Mwenyewe ameshapumzika."

"Nami nikulipe nini?"

"Hunilipi kitu. Wewe shuka tu." Fisi akacheka, kwi kwi kwi.

Mtu mwenye shibe angejiuliza, Fisi tangu lini akatoa kitu bure? Lakini Ngiri hakuwa na shibe. Akaichukua. Usiku kucha alikaa akiitafuna kwenye mpini kwa mawazo, mpaka meno yake yakaacha alama.

"Baba watoto, hiyo si yako," mkewe akamwambia.

"Najua."

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Basi usiende."

Ngiri akawatazama watoto. Mkewe naye akawatazama.

Asubuhi Ngiri akasimama mbele ya Nyati. Nyati hakuikumbuka sura yake, maana ile siku ya kwanza sura hakuitazama. Akahesabu mikato moja moja, akafika arobaini, akafurahi sana. "Dereva huyu. Pakia."

Juu ya mteremko ule, kila mkokoteni hufungwa gogo kwa nyuma, likokoteke chini na kuupunguza mwendo. Shambani hakuna gogo. Ngiri akaligeuza, akaligeuza tena. Kando yake alikuwepo Pofu, yule swala mkubwa, dereva wa siku nyingi, anapakia.

"Samahani, bwana Pofu. Hili gogo..."

"Mwenye arobaini ananiuliza mimi mwenye thelathini na mbili?" Pofu akacheka mpaka akashika mbavu.

Ngiri naye akacheka. Afanyeje? Angesema hajui, fimbo ingesema nini? Swali dogo lile, gogo linafungwa wapi, likabaki kooni. Pofu angemwonyesha mara moja kwamba linafungwa kwenye ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu. Ngiri akalifunga kwenye ubao wa nyuma, kama alivyokuwa akifunga vikapu vya mihogo.

Akashuka. Kona ya kwanza, salama. Kona ya pili, salama. Kona ya tatu ubao ukakatika, kacha. Kacha ile ile. Mkokoteni ukaanza kumsukuma, ngu ngu ngu, ngu ngu ngu. Angeweza kuruka pembeni. Hakuruka. Aliegemea nyuma kwa nguvu zake zote akidhani bado ataushika, na chumvi ile yote ikampanda mgongoni, wakaporomoka pamoja hadi bondeni.

Bondeni Fisi alikuwa ameshakaa tangu alfajiri, anangoja. Alichofanya sikisemi, watoto wapo.

Siku ya tatu Mama Ngiri akapanda mlimani na watoto wake watano.

"Mzee Nyati, nionyeshe alipoangukia mume wangu."

"Kona ya tatu. Pole, mama. Nilishangaa hata mimi. Alikuwa na mikato arobaini."

"Wewe ulimwona akiendesha?"

"Niliiona fimbo."

"Alikuomba uende naye na mkokoteni mtupu."

Mbele yake alikuwa amesimama Nyumbu, amekuja kuomba kazi, mbavu zinahesabika. Ameshika fimbo. Mama Ngiri akaitazama ile fimbo, akaushika mpini, akapitisha kidole pale penye alama.

"Haya meno ni ya mume wangu," akasema. Akalia pale pale, mbele ya wote.

Nyati akaichukua fimbo. Akaziona alama za meno. Akautazama mlima wa chumvi unaongoja kushushwa. Kisha akahesabu.

"Ni arobaini," akasema. "Nyumbu, pakia."

Nyumbu akamtazama Mama Ngiri, akawatazama wale watoto. Naye anao wake nyumbani. Akapakia.

Basi nyinyi mnaoajiri, mafunzo ni haya, nayasema wazi. Dereva mgeni panda naye gari, umwone mikono yake, na asiyejua umwache aulize bila kuchekwa. Ukihesabu mikato peke yake, umeajiri fimbo, na fimbo haishiki mzigo.

Hadithi yangu imeishia hapo kwenye kona ya tatu. Gurudumu nimeliwekea jiwe. Nendeni mkalale.