Maji Aliyonyimwa Nkwabi

Aliyeacha damu porini hanawi na wenzake. Maneno hayo mliyasikia jana kwa jirani, alipoambiwa yule fundi aliyebomoa ukuta wa Mama Ng'wasi, akauacha wazi masika nzima, kisha akaja kuketi kwenye sherehe ya kuhamia nyumba kama mtu aliyeijenga. Mlicheka, wajukuu zangu, lakini njiani mkaniuliza fundi na damu wapi na wapi. Basi sogeeni. Methali hii ilizaliwa mikononi mwa mama mmoja aliyeshika kibuyu cha maji, na alipoisema hakuwa na nia ya kutunga methali. Alikuwa na hasira.

Mama huyo aliitwa Bi Milembe, wa kijiji cha Isunga, huko kwenye misitu ya miyombo. Watu wa Isunga walilima uwele, walirina asali, na wakati wa kiangazi wanaume waliwinda pofu. Pofu ni mnyama mkubwa kushinda ng'ombe, mpole, mwenye pembe zilizosokotwa na ngozi inayoning'inia shingoni. Mmoja tu alitosha kulisha nyumba nyingi, na mafuta yake yalipakwa watoto wachanga. Kwa hiyo hawakumwinda ovyo. Walimheshimu kama mtu anavyoheshimu ghala lake.

Walikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Wakirudi kutoka porini, kabla hawajaonja nyama, wawindaji waliketi duara, na mke wa kiongozi wao akapita na kibuyu akiwamiminia maji ya kunawa. Mikono ikiwa chini ya maji, kila mmoja alitaja mishale yake. Aliyeua alisema, "Wangu amelala." Aliyekosa alisema, "Wangu umekula majani," watu wakacheka, naye akala kama wengine. Lakini aliyejeruhi mnyama akampoteza alisema, "Wangu bado anatembea." Huyo hakunawa. Alifungiwa chakula cha njiani, akarudi kuifuata damu mpaka mwisho wake, na wenzake wakamkaushia fungu lake la nyama. Hakuna aliyemcheka. Kila mtu alijua kwamba kesho inaweza kuwa zamu yake.

Mume wa Bi Milembe, Lushinge, alikuwa kiongozi wa wawindaji hao, na hata yeye iliwahi kumpata. Alirudi kutoka kumfuata tandala mmoja miguu imevimba kwa miiba, midomo imepasuka, ananuka jasho na majani. Bi Milembe alimkanda miguu usiku kucha wala hakumlaumu. Alimpenda zaidi siku ile kuliko siku aliyoolewa naye.

Lushinge alipofariki, pembe yake ya kuwaitia wawindaji ilibaki ukutani, na kazi ya kumimina maji ikabaki kwa mjane wake. Mama yule aliomba jambo moja tu: siku moja ile pembe ishuke ukutani na kuingia mikononi mwa mwanawe, Nkwabi.

Na Nkwabi alikuwa akiikaribia. Alisafiri kwenda pwani na msafara wa wachukuzi, akarudi na gobore, bunduki ya kushindilia baruti, ya kwanza na ya pekee pale Isunga. Mwenye upinde hunyemelea mnyama mmoja hadi anayaona macho yake. Nkwabi alisimama mbali, akaelekeza gobore kundini, akafyatua. Kundi likitawanyika, aliyeanguka ni wake. Aliyekimbia akiwa na risasi mwilini, hiyo ni habari yake mwenyewe.

Nyama ilijaa Isunga. Na nyama ikijaa, wajukuu zangu, vinywa hufungwa. Wawindaji waliokuwa wakinyemelea sasa walikimbilia kundini wakirusha mishale hovyo, kila mmoja ahesabiwe naye kuwa ameua. Waligombania mizoga. Walipasua mnyama wakachukua mafuta na mapaja, mengine wakawaachia fisi. Duara la kunawa likabaki jina tu; mikono ilipitishwa majini haraka haraka, na wote, siku zote, walisema, "Wangu wamelala." Hata Mzee Kasubi, aliyeshika nafasi ya Lushinge kwa muda, aliyaona akanyamaza, kwa sababu paja la kwanza lilipelekwa kwake. Hilo ndilo huniudhi kuliko yote. Kijana hukosea kwa ujana wake. Mzee anyamazaye kwa ajili ya paja la nyama ana udhuru gani?

Alibaki mtu mmoja aliyewinda kwa mtindo wa zamani, jina lake Mihayo. Mara nyingi alirudi mikono mitupu. Alikuwa na tabia ya kumwachia Bi Milembe mzigo wa kuni mlangoni kila apitapo, na kuondoka kabla hajashukuriwa.

Siku ya karamu kubwa ya kiangazi ikafika. Pofu wengi walikuwa wameangushwa jana yake, na Mzee Kasubi alikuwa ametangaza kwamba baada ya kunawa, Nkwabi atapewa pembe ya baba yake. Bi Milembe aliamka mapema. Aliishusha pembe ukutani, akaipaka mafuta hadi ikang'aa, akaifunika kwa kitambaa. Kisha akachukua kibuyu na kata, akaenda chemchemi kuchota maji ya kunawa. Njiani alikuwa akiimba kidogo kidogo.

Wimbo ulimkatikia kwenye matete. Pofu jike alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini. Risasi ilikuwa imemvunja taya, likaning'inia kama mlango uliong'oka. Aliinamisha kichwa, akazamisha mdomo, akauinua, na maji yote yakamwagika nje pamoja na damu. Akainama tena. Yakamwagika tena. Kiwele chake kilikuwa kimejaa maziwa hadi yanadondoka, na ng'ambo ya matete ndama alikuwa akilia.

Bi Milembe hakukimbia. Alichota maji kwa kata, akamsogelea taratibu, akamnyoshea mkono akisema, "Pole, mama. Pole, mama yangu." Yule mnyama alimtazama kwa muda. Kisha akageuka, akapanda ukingo kwa kujikokota na kuingia msituni, ndama nyuma yake, damu ikidondoka juu ya majani.

Risasi, si mshale. Na pale Isunga gobore lilikuwa moja.

Mama aliketi kwenye ukingo ule mpaka jua likachoma. Kisha akajaza kibuyu, akarudi nyumbani. Hakuwa akiimba.

Karamuni duara lilikuwa limeshakaa, nyama inachemka, ngoma zinapashwa moto. Nkwabi alikaa karibu na Mzee Kasubi, gobore mapajani, akitania watu.

"Mihayo," alisema, "nasikia mshale wako jana ulikwenda kuyasalimia majani."

"Uliyasalimia," Mihayo akajibu, "nayo yakaitikia vizuri. Yana adabu, majani."

Watu wakacheka, na Nkwabi naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyesifiwa kupita kiasi. Bi Milembe akaanza kumimina. Alipita kwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema wake wamelala. Mihayo akasema wake umekula majani. Mwisho akafika kwa mwanawe. Nkwabi akanyosha mikono yote miwili.

"Mimina, mama. Wangu wote wamelala."

Kibuyu hakikuinama.

"Wote, baba?"

"Wote."

"Na yule jike niliyemkuta chemchemi asubuhi hii, taya linaning'inia, ana maziwa, ana kiu, na hawezi kunywa. Yeye amelala wapi?"

Duara zima likamgeukia kijana. Nkwabi alitazama pembeni, akatabasamu kama mtu anayetaka jambo lipite. Akasema pofu ni wengi, na baruti ikishatoka haina macho. Ukipiga kundi lazima wawili watatu waumie, ndiyo kazi ilivyo siku hizi. Mzee Kasubi naye akakohoa.

"Mama Nkwabi," alisema, "watu wana njaa. Mambo ya nyumbani yazungumzwe nyumbani."

"Haya si ya nyumbani, mzee," alijibu Bi Milembe. "Yametembea yenyewe mpaka kwenye maji tunayokunywa sote. Ninyi mlikuwapo jana. Mlimwona akikimbia na lile taya. Mkarudi, mkaketi, mkaninyoshea mikono." Akakikumbatia kibuyu kifuani. "Maji haya nimeyachota mbele ya kiumbe aliyeshindwa kuyanywa. Siwezi kuyamimina juu ya mikono iliyomfanya ashindwe. Aliyeacha damu porini hanawi na wenzake. Baba yako hakunawa, Nkwabi. Wewe ni nani?"

"Unanivua nguo mbele za watu, mama."

"Ningekuwa sikupendi, ningekumiminia."

Akakiweka kibuyu chini katikati ya duara, akasema anayeona ni halali amimine yeye. Mzee Kasubi alinyosha mkono kukichukua. Mkono ukafika nusu ya njia, ukasimama, ukarudi mapajani mwake kama si wake. Hakuna mwingine aliyejaribu. Halafu mmoja wa wale waliokwisha kunawa akachota vumbi, akajisugua viganja polepole mpaka vikachafuka, akainuka na kuchukua upinde wake. Wa pili akafanya hivyohivyo. Kila mmoja alikuwa na wake anayetembea mahali fulani, na kila mmoja alikuwa anajua.

Nkwabi alibaki amekaa, mikono mikavu, macho mekundu. Mihayo ndiye aliyesimama mbele yake. Alikuwa amekwisha kunawa kwa haki na fungu lake lilikuwa limekatwa. Alilifunga katika majani, akalitia mkobani.

"Hii itatutosha wawili," alisema. "Twende, ndugu yangu. Damu haijakauka."

Nkwabi aliliacha gobore pale chini, akamfuata. Hakumtazama mama yake. Nyama ya karamu ile ilipelekwa kwa wazee wasiojiweza na kwa wajawazito. Ngoma hazikupigwa. Bi Milembe aliirudisha pembe ukutani, na siku zile zote alizokuwa akingoja alilia peke yake jikoni, kwa sababu mtu anaweza kufanya la haki na bado likamuuma.

Waliifuata damu hadi mahali miti inapokonda. Walimkuta pofu ameangukia magoti, nzi wamemjaa kwenye kidonda, lakini yu hai. Mihayo alimpa Nkwabi upinde. Nkwabi alilazimika kumkaribia kama wenye pinde wanavyokaribia, mpaka akayaona macho yake. Mihayo ndiye aliyesimulia baadaye kwamba baada ya mshale ule Nkwabi alikaa chini akalia kama mtoto, na kwamba walimtafuta ndama hadi chakula kikawaishia. Hawakumpata. Juu ya hilo sina neno la kuwafariji, wajukuu zangu. Yako mabaya ambayo kujuta hakuyarudishi, na ndiyo sababu inatupasa kukasirika mapema.

Nkwabi alirudi akichechemea, amekonda, amebeba mkia wa yule jike. Alimkuta mama yake anasonga ugali wa uwele, na mboga ni mlenda mtupu, hata kipande cha nyama hakikuwapo. Aliketi kizingitini, akanyosha mikono. Ilikuwa imechanika kwa miiba.

"Wangu mmoja alikuwa anatembea, mama," alisema. "Sasa amelala."

Bi Milembe alichukua kibuyu, akammiminia. Alimimina polepole, maji mengi kuliko yaliyohitajika, akamsugua vidole kimoja kimoja kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Ndipo wakala.

Ile pembe haikushuka tena ukutani mwaka ule, wala uliofuata. Lakini tangu siku ile, pale Isunga, aliyefyatua kundini hakupata wa kuwinda naye, na kwenye duara la kunawa watu walianza tena kusema, bila kuona haya, "Wangu bado anatembea." Wakamfungia mwenzao chakula, wakamwacha aende. Na neno la mama yule likatoka kwa wawindaji likaingia kwa mafundi, kwa wakopeshanaji, kwa wenye ndoa, kwa kila anayeumiza kitu akakipa kisogo, kisha akaja na mikono yake mbele ya wali.

Kwa hiyo jana, fundi yule alipoambiwa vile, hakunyimwa chakula kwa uchoyo. Ukuta wa Mama Ng'wasi uko palepale, na mwiko wake anao. Akautengeneze, kisha aje, nami mwenyewe nitammiminia. Kabla ya hapo, aliyeacha damu porini hanawi na wenzake.