Chukua Kila Kilicho Chako

Kabla hujamtumia mtu hii, isome wewe mwenyewe mpaka mwisho. Najua tabia yako ya kusoma mistari miwili halafu unarusha kwenye magrupu yote.

Huko Indonesia, kwenye kisiwa cha Sulawesi, wapo watu wanaoitwa Wabugi. Nyumba zao za vijijini ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo, na uvunguni mtu mzima anapita bila kuinama. Kwao nyumba ni mali yako, lakini ardhi iliyo chini yake inaweza kuwa ya mwingine. Ukihama, unahama na nyumba. Wanaume wa kijiji wanafunga mianzi kwenye nguzo, wanaitia begani, na nyumba inatembea na paa lake. Hakuna anayelipwa. Wanawake wanapika, watu wanakula, basi.

Katika kijiji kimoja aliishi bwana mmoja jina lake Mattola. Kwa heshima walimwita Daeng, kama sisi tunavyosema kaka mkubwa. Alikuwa na mashamba ya mpunga, alikuwa na nyumba kubwa kuliko zote, na alikuwa na roho ya kwa nini. Kwa nini fulani kapata, kwa nini fulani kacheka.

Aliyemkosesha usingizi zaidi ni jirani yake, Sakka. Sakka alikuwa fundi seremala, hana shamba, na nyumba yake ndogo ilisimama kwenye kiwanja cha Mattola. Zamani baba yake Mattola alimwambia baba yake Sakka, "Weka nyumba yako hapa, ukae mpaka uchoke." Yakaishia hapo, kwa maneno tu.

Sasa, uvunguni kwa Sakka kulikuwa na benchi la mianzi. Mkewe, Sitti, alikaanga ndizi pale na kuuza kahawa. Asubuhi watu wapo, jioni watu wapo. Anayetoka shambani anapitia, anayegombana na mkewe anakuja kupoa, na kandambili zimerundikana kwenye ngazi kama kuna harusi.

Mattola alizitazama zile kandambili kutoka dirishani kwake, akazihesabu jozi kwa jozi. Kwake yeye uvungu ulikuwa umezibwa kwa ukuta wa matofali pande zote. Aliujenga mwenyewe. "Watu wakizoea kukaa bure," alisema, "mwisho watakumalizia hata kivuli."

Basi ikaja habari kwamba barabara ya lami inapita kijijini kwenda kwenye maporomoko ya maji. Siku moja tajiri mmoja kutoka mjini akasimama kwa Sakka, akala ndizi, akacheka na wazee, akasahau hata safari yake. Wakati wa kuondoka akasema kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Mahali hapa nimepapenda. Nataka kujenga nyumba ya wageni. Nitarudi baada ya mavuno, na mwenye mahali hapa ndiye atakuwa mbia wangu."

Ee! Mattola hakula siku hiyo.

"Mwenye mahali ni mimi!" alimfokea mkewe, Hasna. "Ardhi yangu, halafu sifa apewe yule muuza ndizi! Baraka zote ziko kwenye kile kiwanja, na mimi nimekaa hapa kama mjinga nikimtazama anavyozila!"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," Hasna akamjibu. "Wale watu hawakuota pale kama uyoga."

"Nyamaza. Wewe hujui mambo ya ardhi."

Kesho yake akamwita Sakka.

"Baba yangu aliwapa nafasi, hakuwapa ardhi," akamwambia. "Nakitaka kiwanja changu."

Sakka akanywea. "Ni kweli, Daeng. Siwezi kubishana. Ila Sitti ana mimba kubwa. Nipe angalau mpaka ajifungue, maana sina pa kuiweka nyumba."

"Mimba haizuii nyumba kubebwa. Chukua kila kilicho chako uondoke. Kila kitu! Usiniachie hata kijiti."

Sakka alirudi kwake macho yamemwiva. Ukiwa na nyumba na huna pa kuisimamisha, huna tofauti na mtu asiye na nyumba. Alizunguka kijiji kizima akiomba. Waliokuwa na ardhi waliiogopa mikono ya Mattola, maana walilima kwenye mashamba yake. Aliyekubali ni mjane mmoja, Mama Tenri, na alichokuwa nacho ni kona ya matope kandokando ya mashamba, wanakoshinda bata.

"Ni pabaya, mwanangu," alimwambia, "ila ni pangu. Njoo."

Ijumaa baada ya swala wanaume wakajitokeza. Nyumba ya Sakka ikanyanyuliwa, mtu mmoja amesimama kibarazani anapiga kelele za kuwapa mwendo, Sitti anatembea nyuma ameshika tumbo lake. Kijiji kizima kilibeba. Mattola peke yake alibaki dirishani.

"Haya, wakawauzie bata ndizi!" alisema, akacheka hadi akakohoa.

Ijumaa iliyofuata ikawa zamu yake. Alitaka nyumba yake isimame palepale, nguzo ya mbele ikanyage jiwe lilelile lililokanyagwa na nguzo ya Sakka. Lakini nyumba yenye ukuta chini haibebeki, kwa hiyo ilibidi ule ukuta wake uvunjwe kwanza. Watu walivunja matofali kutwa, vumbi mpaka puani. Mattola akiwa anasimamia, akamwona Sakka anaweka bega kwenye mwanzi.

"Wewe! Umekuja kunifanyia nini?"

"Nimekuja kubeba, Daeng. Na yangu ilibebwa na watu."

Mattola akamtazama bega. Hata lile bega alilionea wivu.

Nyumba ikahama. Mattola akaweka benchi la mianzi uvunguni, kubwa kuliko la Sakka. Hasna akaambiwa akaange ndizi. Na kusema kweli, siku za mwanzo watu walikuja. Lakini jamani, utakaaje kwa mtu anayekuhesabia vipande unavyotia mdomoni? Huyu kamwaga kahawa, yule kaegemea nguzo iliyopakwa rangi, mwingine kacheka sana, anamcheka nani? Wakapungua mmoja mmoja. Mattola akatangaza kwamba wanakijiji wote wana husuda naye, akamwita fundi, akauziba uvungu upya kwa matofali. Safari hii akaweka na geti.

Mavuno yakaisha. Tajiri akarudi.

Mattola alikuwa amemsubiri barabarani tangu asubuhi, kavaa kanzu mpya. "Karibu, karibu sana! Mahali ulipopapenda ni hapa, na mwenyewe ndiye mimi."

Tajiri akatazama nyumba kubwa, ukuta, geti. Akazunguka nyuma, akarudi mbele.

"Una hakika? Mbona sipatambui?"

"Ni hapa hapa! Uliza mtu yeyote!"

"Nimuulize nani?" tajiri akasema. "Hapa hakuna mtu."

Wakati huohuo upepo ukaleta kicheko kutoka upande wa mashamba. Tajiri akageuza shingo, akaanza kukifuata, na Mattola nyuma yake akimshika mkono wa shati. Wakafika kwenye ile kona ya matope. Watu walikuwa wameijaza kifusi kwa mikono yao, wametandika mbao za kupitia, na uvunguni mwa ile nyumba ndogo kahawa inachemka, wazee wanapokezana mtoto mchanga mapajani. Kandambili zimejaa ngazi nzima.

"Si unaona!" tajiri akasema. "Ni hapa!" Akavua viatu akakaa.

Akaulizia mwenye ardhi, halafu akamgeukia Mama Tenri. "Mama, nimeambiwa ardhi hii ni yako. Tuzungumze."

"Ilikuwa yangu," Mama Tenri akajibu, akimpokea mtoto. "Tangu wamekuja hawa sijala peke yangu hata siku moja. Mbele ya imamu na mkuu wa kijiji nilishampa Sakka kona hii, yeye na kizazi chake. Zungumza na mwenyewe."

Mattola alisikia yote akiwa amesimama kwenye matope. Sakka akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Kaa, Daeng. Unywe kahawa."

Hakukaa. Alirudi kwake, akafungua geti lake, akalifunga, akapanda ngazi tupu.

"Hasna! Yule mwizi kaniibia! Kiwanja nilimnyang'anya, jiwe nimekalia mimi, nguzo ziko palepale. Baraka zimekwenda naye vipi?"

Hasna hakuinua hata uso.

"Hajakuibia, mume wangu. Si ulimwambia mwenyewe achukue kila kilicho chake?"

Ukimaliza, usikimbilie kumtumia yule jirani yako unayemfikiria sasa hivi. Kaa nayo wewe kwanza, yeye atasoma baadaye.

Funzo: Mwenye wivu huona mahali mwenzake alipokaa, haoni anavyokaa na watu, atamnyang'anya kiti, lakini walioketi naye watanyanyuka wamfuate.