Vijiti vya Angolile

“Ukihamisha njia, ng'oa vijiti.” Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Mama Atupele jikoni leo asubuhi, aliposikia kwamba Lusekelo amebadilisha mahali pa kukutania na kuliacha tangazo la jana ukutani, hata wenzenu wanne wakasimama kwenye baridi saa nzima. Mlicheka. Kisha mkaniuliza ni vijiti gani, na njia ipi. Kwa kuwa mnajifunza kuwaongoza wageni wanaopenda kutembea kwa miguu huku milimani, na kesho mtapita pale pale yalipoanzia, ni vizuri mjue. Viwekeni hivyo viatu vilivyolowa karibu na jiko, msikilize. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Kabla barabara ya mlimani haijachongwa, mtu aliyetaka kutoka kijiji cha Ilolesya kwenda ng'ambo alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilizunguka Ziwa la Juu kwa kufuata mgongo wa mlima, nayo ilikula siku nzima. Ya pili ilikata katikati ya kinamasi kilicho kati ya Ziwa la Juu na Ziwa la Chini, nayo ilikwisha kabla jasho halijakauka. Watu wengi walipita kinamasini.

Lakini kinamasi kile si ardhi. Ni majani na mizizi iliyoshikana juu ya maji meusi, unene wake hapa dhiraa tatu, pale kiganja. Ukikanyaga, hutikisika kama godoro. Tena hakitulii. Masika yakipita, mahali palipobeba ng'ombe mwaka jana huenda pasibebe mbuzi mwaka huu. Kwa hiyo palikuwa na mlinzi wa njia, na kazi hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja.

Katika miaka ninayoisimulia, mlinzi alikuwa Mzee Angolile. Kila masika yalipokwisha aliingia na mwanzi mrefu, akipiga chini na kusikiliza. Palipo imara palijibu kwa mlio mzito. Palipooza palinyamaza. Kisha alichomeka vijiti vya mianzi vilivyofika kifuani, kimoja kila hatua kumi, na juu ya kila kijiti alikata alama tatu kwa kisu, ili hata mtu aliyeshikwa na ukungu avitambue kwa kidole. Na kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kupita njia mpya, aling'oa vijiti vyote vya njia ya zamani, akavirudisha nyumbani, vikawa kuni. Hakuwahi kueleza kwa nini. Ilikuwa ni sehemu ya kazi, kama kufagia baada ya kupika.

Siku zote ukungu ulipotanda, watu wa nyumba ya mlinzi walipiga debe ukingoni, ili wapitaji wasipoteze upande. Mpitaji akisikia, aliitikia.

Mwaka mmoja Mzee Angolile alifariki katikati ya masika. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa, Asegelile, aliishi naye na alikuwa amejifunza kazi. Mdogo, Ikupa, alikuwa ameolewa mwendo wa siku mbili kutoka pale. Msiba ulimkuta mjamzito wa miezi minane na hakuweza kusafiri. Hakumzika baba yake.

Mvua zilipokatika, Asegelile aliingia kinamasini na mwanzi. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Akakuta kwamba njia ya baba yake imeoza katikati, upande wa Ziwa la Juu. Akaihamisha. Ilianza pale pale ilipoanzia ng'ambo, ikaenda pamoja na ile ya zamani hatua mia mbili, kisha ikapinda kushoto kuelekea Ziwa la Chini. Alichomeka vijiti vyake, akavikata alama mbili, kwa maana aliona aibu kutumia alama ya mzee.

Ikabaki kung'oa. Alishika kijiti cha kwanza, kidole chake kikaingia kwenye zile alama tatu. Akakiachia. Akaenda cha pili, ikawa vile vile. Msimdharau. Kaburi la mzee lilikuwa bado halijaota nyasi, na mkono wake ulikuwa pale juu ya kila kijiti. Asegelile akaamua kuviacha mpaka mwaka upite.

Hakuwa mzembe. Alizunguka nyumba zote kumi na moja za Ilolesya, kisha akavuka, akapita nyumba za ng'ambo moja baada ya nyingine. Aliwaambia, “Fuateni alama mbili. Alama tatu msizifuate.” Jioni akarudi amechoka, mkewe Tupokigwe akampa maji.

“Umevitoa vya mzee?” mkewe aliuliza.

“Nimeviacha. Watu wote nimewaambia.”

“Watu umewaambia. Na vijiti umeviambia vinyamaze?”

“Ni vya baba, Tupokigwe.”

Mkewe akaliacha hapo. Naye alimpenda mzee.

Majuma manane yakapita salama. Kila mtu alifuata alama mbili. Asegelile akaanza kuamini kwamba shida haikuwapo.

Siku ya tisa ya mwezi uliofuata, ukungu ulishuka tangu asubuhi na haukuinuka. Asegelile alikuwa ukingoni akipiga debe. Mchana hivi akasikia mtu akiitikia. Akasimamisha mkono. Sauti haikutoka kulia kwake, ilikokuwa njia. Ilitoka upande wa Ziwa la Juu, mahali pasipopaswa kuwa na mtu.

“Nani huyo?” alipaza sauti.

“Ni mimi, kaka! Ikupa! Nimekuja kuona kaburi la baba!”

“Ikupa! Uko wapi?”

“Usihofu, siwezi kupotea mimi. Niko kwenye vijiti vya baba!”

Ilikuwa hivi. Nyumba za ng'ambo Ikupa alizikuta tupu, watu wako shambani. Hakuna aliyemwambia kitu. Alipofika mahali njia zinapoachana, alipapasa huku akakuta alama mbili asizozijua. Akapapasa kule akakuta alama tatu alizozijua tangu akiwa hafiki kiunoni mwa baba yake. Angefuata zipi?

“Simama hapo hapo! Usiinue mguu!”

 Sauti ya Ikupa ikarudi, ndogo kuliko mwanzo.

“Kaka, mguu umeshaingia. Yote miwili. Nina mtoto mgongoni.”

Asegelile aliangusha debe, akamwita mkewe alete kamba, akaingia kwa njia ya zamani na mwanzi wake mkononi. Mwanzoni ardhi ilimjibu alipopiga, kisha ikaanza kumnyamazia. Alipomwona dada yake, tope lilikuwa limepita kiuno, naye alikuwa amemfungua mtoto na kumwinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amelala. Kati yao palikuwa na hatua kumi na tano ambazo hazikuweza kumbeba mtu aliyesimama.

Alitazama huku na huku akitafuta cha kulalia. Hapakuwa na kitu isipokuwa vijiti vya baba yake.

Akaving'oa. Alirudi nyuma akaving'oa kimoja kimoja, kwa haraka, bila kugusa alama, akavitandika chini kama jamvi, akajilaza kifudifudi juu yake. Kila alipotandika vingine alisogea mbele. Ikupa akazidi kushuka mpaka kifuani.

“Nipe mtoto kwanza.”

“Mshike shingo. Shingo, kaka!”

“Nimemshika. Jina lake nani?”

“Angolile.”

 Asegelile alitambaa kinyumenyume juu ya mianzi, akamkabidhi mtoto kwa Tupokigwe aliyekwisha kufika nyuma yake, akarudi na kamba. Kumtoa Ikupa kulichukua muda mrefu, na tope lilibaki na viatu vyake na mzigo wote aliokuwa ameleta. Lakini lilimwachia.

Wakafika ukingoni. Tupokigwe alimfunika Ikupa kwa blanketi, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, “Wifi, sisi maji ya kuoga tungekuwekea. Kumbe ulikuwa na yako.”

Ikupa akacheka, kicheko kikageuka kilio. Akamwambia kaka yake, “Vijiti vya baba vimenidanganya.”

“Baba hakumdanganya mtu,” alisema Asegelile. “Vijiti vimesema njia ilipokuwa. Mimi ndiye niliyeihamisha nikaviacha vikisema.”

“Ungenitumia hata salamu.”

“Ningekutumia wewe. Na mwingine nisiyemjua ningemtumia nini?”

 Ikupa akasema, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake kazi ndogo, “Basi, kaka. Ukihamisha njia, ng'oa vijiti.”

Kesho yake ukungu uliinuka. Waliingia wote wawili, Asegelile mbele na mwanzi, Ikupa nyuma, wakaving'oa vilivyosalia.  Walipofika cha mwisho, Asegelile alikifuta tope, akauliza kama ingekuwa vibaya kukibakiza kimoja.

“Kipeleke nyumbani,” dada yake alimwambia. “Kiweke juu ya kitanda chako ukipenda. Huko hakuna atakayekifuata.”

Ndivyo alivyofanya. Watu wa Ilolesya na wa ng'ambo wakayachukua maneno ya Ikupa, nao wakayapeleka mbali kuliko kinamasi. Huambiwa mkuu mpya aliyebadili amri na kuiacha ya zamani mlangoni. Huambiwa mzazi aliyebadili nia asiwaambie watoto. Huambiwa hata mtu aliyeacha tabia fulani, lakini mdogo wake bado anamfuata kule alikokwisha kuondoka.

Nami sijaona kwamba ni jambo jepesi. Mara nyingi vijiti vya kung'oa ni vile vilivyochomekwa na mkono tuliokuwa tukiupenda. Asegelile alijua hilo kuliko sisi sote, na wanaomkumbuka wanasema kila mwaka alipomaliza kupima njia alisimama kidogo mbele ya kijiti cha kwanza cha zamani, akakishika, akajiambia mwenyewe kwa sauti ya chini: ukihamisha njia, ng'oa vijiti.