Mtama wa Kasholo

Tegeni masikio, wana wa Ibanda, ninyi mlioketi raha mustarehe mahali ambapo yeye hakupata kuketi. Kabla ya machifu, mababu walipokuwa wakikimbia vita pasipo kujua waendako, alikuwako Kasholo mwana wa Mtemba mwana wa Lugano, aliyezaliwa na Nyabwire njiani, kati ya kambi mbili, na tangu siku hiyo miguu yake haikutulia. Huyo ndiye Kasholo Mkono-wa-Mvule, Kasholo asiyekalia kigoda, aliyeziongoza koo saba hadi ndani ya kinamasi kikuu.

Mafunjo ya kinamasi kile yalikuwa marefu kuliko nyumba, yameshikana kama mkeka. Lakini Kasholo aliona kwamba viboko, kwa kwenda malishoni na kurudi, walikuwa wamefungua mfereji wa maji safi kutoka ziwani, naye akaiingiza mitumbwi humo, siku nne mfululizo, mpaka kisiwa hiki. Mfereji ule ukawa mlango wetu. Tuliupitia kwenda kuvua, kwenda kuoa, kwenda kuzika.

Basi tulipokwisha kushiba tukaanza kutazamana mikono. Wachuuzi walileta vikuku vya shaba, wakataka meno na ngozi za viboko. Mke aliyevaa shaba hadi kiwiko aliamkiwa wa kwanza, na mwenye mikono mitupu alisukumwa kando. Nani aliua kuliko wote? Sifichi, ingawa naona haya: ni Kasholo mwenyewe. Nyamweru, mkewe, alisikika kwa mlio wa shaba kabla hajaonekana.

Kiboko wa mwisho wa mfereji alipoanguka, tulipiga ngoma. Mtama wetu hautaliwa tena, tukasema, wajinga sisi! Kasholo peke yake hakucheza. Alikizunguka kisiwa akitega sikio, maana mkoromo wa viboko aliouzoea haukuwapo, na kimya kile kilimnyima raha.

Masika mbili hazikupita, mafunjo yakauziba mfereji, nasi tukakiona cha mtema kuni. Maji yakawa meusi, samaki wakaelea, watoto wakashikwa na matumbo. Kasholo aliingia na panga, akakata toka asubuhi hadi jioni, na kila alipogeuka aliona mafunjo yamejisogeza yakashikana nyuma yake. Wazee wakataka shaba yote itupwe iwe kafara.

"Maji hayavai vikuku!" akanguruma Kasholo.

Asubuhi moja kelele zikatoka shambani kwake, penye mtama wa mwisho kisiwani. Kiboko jike na mwanawe, wageni kutoka ziwani, walikuwa wamevunja ua na wanakula. Watu wakaja mbio na mikuki, mbele yao Mbasha, mkuu wa ukoo wa wavuvi, mtoto wake mgonjwa begani. Lakini Kasholo alitazama nyuma ya jike lile. Mafunjo yalikuwa yamepasuka lilipopita, na katika ule upenyo maji yalikuwa yakitembea.

Akasimama kati yao na mnyama.

"Tupishe, mkuu," akasema Mbasha. "Hiyo ni nyama ya siku tatu."

"Ni nyama ya siku tatu, na ni njia ya wajukuu wako wote. Mtama ukimrudisha kila siku, ataifungua. Atakayemchoma, anichome mimi kwanza."

Kisha akang'oa ua wote wa upande wa maji. Nyamweru akajishika kichwa. "Baba Ndalo, wanao watakula nini? Umetuua!"

Kasholo akatwaa mkuki wake, akasimama penye pengo la ua. 

Siku nane jike lilikuja na kurudi, na siku nane tulitafuna mizizi ya yungiyungi tukimtukana Kasholo, naye akizunguka shamba na mkuki, akimlinda mnyama dhidi ya watu wake mwenyewe. Siku ya tisa mtama ulikwisha. Kasholo akaingia mtumbwini, akalifuata jike lile ili aone kama njia imefika ziwani.

Mtumbwi ulirudi peke yake, ukisukumwa na mkondo, umepasuka ubavu. Wako wasemao jike lilimuua likimlinda mwanawe. Wako wasemao alifika ziwani na miguu yake ikakataa kurudi. Mbasha akainua mkuki aingie kulipiza, lakini Nyamweru akaushika.

"Mkondo umeurudisha mtumbwi," akasema, machozi yakimtoka. "Basi njia iko wazi. Kawaleteeni watoto chakula."

Wakaenda, wakarudi na samaki na nafaka, na mtoto wa Mbasha akapona. Nyamweru alivua shaba yote, akaifukia pale ua ulipong'olewa.

Ndiyo maana binti wa Ibanda huolewa mikono mitupu, na kila shamba letu lina ukanda wa mtama usiozungushiwa ua, upande wa maji. Tunauita mtama wa Kasholo. Ukiliwa, hakuna anayelalamika. Lakini ukikomaa hadi ukakauka bila kuguswa, hatuketi, wanangu. Tunasimama ukingoni, kisiwa kizima, tukisikiliza.